Shajara ya Mradi: Njia ya Mchezaji Mgeni Katika Mchezo wa Maandishi

Februari: lengo la awamu

Awamu hii inahusu jambo moja, nalo ni dakika za mwanzo za mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wa maandishi. Sehemu za ndani za dunia yetu ya kubuni, yaani misitu, mapango, masoko na makao ya majini, zimeshapata umbo la kuridhisha, na wenzangu hapa Mbeya wanaendelea kuziandika. Lakini hakuna atakayefika huko iwapo ataingia, aone aya mbili na alama inayopepesa ikimsubiri aandike kitu, akose la kuandika, kisha afunge simu yake.

Kwa msomaji anayekutana na aina hii kwa mara ya kwanza, mchezo wa maandishi hauna picha. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, inakueleza kwa maneno mahali ulipo, vitu vilivyopo na watu waliopo. Wewe unaandika amri fupi, kama vile "angalia" au "chukua taa", nayo inakujibu kilichotokea. Wachezaji wengi wanaweza kuwa ndani kwa wakati mmoja, wakazungumza, wakasaidiana na hata kupigana. Mchezo unaotajwa kuwa chimbuko la aina hii, MUD, ulianzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha Richard Bartle akauendeleza. Wachezaji wake wa mwanzo walikuwa wanafunzi wa chuo hicho hicho, na mtu wa mazingira kama hayo akikwama hakosi wa kumwuliza. Mgeni wetu yuko peke yake, pengine ndani ya daladala ya kwenda Uyole, na simu yake ina chaji kidogo. Kwa hiyo mchezo wenyewe hauna budi kuwa yule mwenzake aliyetangulia kujua.

Tumebaki na maandishi kwa kuyapenda, na pia kwa sababu ya bando. Skrini ya kawaida ya kompyuta za zamani ina mistari 24 ya herufi 80, yaani herufi 1,920, ambazo hazifiki hata kilobaiti mbili. Mtu anaweza kucheza jioni nzima kwa data ndogo kuliko ile inayoliwa na picha moja iliyopigwa kwa simu.

Mtambo wetu ni Evennia, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Nimeipendea jambo moja zaidi ya mengine: ina sehemu mbili zinazojitegemea, moja ikishika miunganisho ya wachezaji na nyingine ikiendesha dunia yenyewe. Ninaweza kurekebisha sentensi, nikawasha dunia upya, na mchezaji aliyemo asitupwe nje. Kazi ya awamu hii isingewezekana bila hilo, kwa sababu karibu marekebisho yote yanafanyika mgeni akiwa ndani.

Machi: mlangoni

Michezo mingi ya jadi humpokea mgeni kwa maswali. DikuMUD, iliyotoka Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, mwaka 1991, na ambayo michezo mingi ya baadaye ilijengwa juu ya msimbo wake, ilimtaka mchezaji amchagulie mhusika wake kazi moja kati ya nne, yaani mchawi, kuhani, mwizi au askari, kabla hajaona hata chumba kimoja. Mlango wetu utauliza mambo mawili tu: jina la mhusika na nenosiri. Hakuna anayeweza kuchagua kwa busara kati ya uwindaji na uhunzi kabla hajajua kama dunia aliyoingia ina wanyama wa kuwinda au chuma cha kufua, kwa hiyo uchaguzi wa kazi umesogezwa hadi mwisho wa eneo la mwanzo, mgeni atakapokuwa ameshayaona hayo kwa macho yake.

Neno "mchawi" tumeliondoa kabisa katika orodha ya kazi. Katika nyanda hizi za juu kuitwa mchawi ni tuhuma nzito ambayo imewagharimu watu maisha yao, na sioni kwa nini kijana wa Rungwe apewe jina hilo kama cheo. Nguvu za ajabu tumezigawa kwa wanne wengine: mganga wa mitishamba, mwindaji anayeelewana na wanyama, manju ambaye nyimbo zake hugeuza nia za viumbe, na mhunzi anayefua chuma kilichoanguka kutoka angani. Chuma cha mhunzi asili yake ni Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ambalo wengi wetu tulipelekwa kulitazama tukiwa wanafunzi.

Kuhusu nenosiri, nimesimama imara. Telnet, njia ambayo michezo hii imeitumia tangu zamani, hupeleka kila herufi kama ilivyo bila kuificha, na watu wetu wamezoea kutumia namba moja kwa kila kitu. Wageni wanaelekezwa waingie kwa kivinjari kupitia anwani iliyosimbwa, yaani inayoficha kinachoandikwa kikiwa njiani, na juu ya kisanduku pameandikwa: "Usitumie namba ya siri ya pesa zako za simu." Mwenzangu mmoja aliona maneno hayo yanavunja ndoto ya dunia ya kubuni hata kabla haijaanza. Ni kweli yanaivunja, na yatabaki pale pale.

Aprili: njia na amri

Katika michezo ya Kiingereza mchezaji huenda upande wowote kwa kuandika herufi moja, kwa kuwa pande zao nne zinaanza kwa herufi nne tofauti. Kwetu kaskazini na kusini zote zinaanza na K, mashariki na magharibi zote na M. Tumeweka vifupisho vya herufi mbili, "ks", "ku", "ms" na "mg", na wachezaji wakongwe wanavitumia kwa kasi. Mgeni hatavikuta kabisa katika eneo la mwanzo. Ukimwuliza mtu wa Mbeya njia, hakutajii pande za dira. Anakwambia upande kuelekea mlima wa Loleza, ukifika penye mti mkubwa ushuke mpaka darajani. Hivyo kila njia ya kutokea sasa ina jina la kule inakoelekea, na kwa kuwa Evennia huihesabu njia kuwa kitu chenye jina na majina ya ziada, mchezaji akiandika "nenda mtoni", "shuka mtoni" au "mtoni" peke yake, anafika.

Eneo la mwanzo tumeliweka katika msitu unaofanana na ule wa kupandia Ziwa Ngozi. Maelezo ya kwanza anayoyasoma mgeni sasa ni haya:

"Ukungu umeshuka mpaka usawa wa magoti. Njia nyembamba inapanda katikati ya mianzi na migomba mwitu, na mahali fulani chini yako mto unanguruma. Bibi mmoja ameketi juu ya gogo, kitenge kimemfunika mabega. Kando ya gogo pana taa ya chemli isiyowashwa. Njia: kileleni, mtoni."

Aya hii imeandikwa na kufutwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi, na ninataka sababu za umbo lake zibaki katika kumbukumbu. Ina njia mbili tu ili uchaguzi uwepo bila kuwa mzigo. Ina mtu mmoja na kitu kimoja cha kuchukuliwa, na kitu hicho kinamwashiria mgeni kwamba kuna giza mbele. La muhimu zaidi, kila jina lililotajwa lina jibu lake. Mchezaji akiangalia ukungu, mianzi, migomba, mto, gogo, kitenge au taa, atapata angalau sentensi moja iliyoandikwa kwa ajili ya kitu hicho. Mtu aliyeandika "angalia gogo" akajibiwa kwamba hakuna gogo, ilhali amesoma hivi punde kwamba bibi amelikalia, hataiamini tena dunia hiyo, na ana haki.

Upande wa amri, Kiswahili kinampa mgeni namna nyingi za kusema jambo moja. Wageni wetu wameandika "chukua taa", "ichukue taa", "nachukua taa", "nataka kuchukua hiyo taa" na "naomba taa", na zote ni Kiswahili safi. Sikutengeneza kichanganuzi kikubwa cha sarufi. Nimeandika kipande kifupi cha programu kinachoondoa viambishi vya nafsi na wakati, kikaondoa kiambishi cha mtendwa, kikarudisha irabu ya mwisho kuwa "a", kisha kikatafuta kilichobaki katika orodha ya vitenzi tunavyovijua. Orodha hiyo ni fupi, lakini mgeni anayetumia vitenzi vya kila siku hakosi anachotafuta humo.

Simu zina mambo yake. Kibodi huanza sentensi kwa herufi kubwa, huongeza nafasi baada ya neno, na iliyowekwa Kiingereza huweza kugeuza "kisu" kuwa neno jingine kabla mwenyewe hajaona. Haya mawili ya kwanza programu inayasawazisha yenyewe. La tatu linatibiwa kwa ushauri mmoja mlangoni, wa kuzima usahihishaji wa maneno. Kero ndogo iliyobaki ilihusu ng'ombe wa ng'ambo ya mto: baadhi ya simu huandika alama ya ng' iliyopinda, ambayo kwa kompyuta si herufi ile ile na alama iliyonyooka, na hivyo mchezaji aliyemwona ng'ombe kwenye maelezo hakuweza kumgusa. Sasa alama zote za namna hiyo hugeuzwa kuwa moja kabla amri haijasomwa, na aliyeandika "ngombe" bila alama naye anaeleweka.

Mei: ngeli

Huu ndio mwezi nilioufurahia kuliko yote. Mtambo uliotungwa kwa Kiingereza hutegemea sentensi moja ya kuelezea kila kitu kilichopo mahali. Kwetu kisu kiko, upanga uko, jambia liko, taa iko, na samaki yuko. Mtu anaweza kukwepa hili kwa kuandika "Vitu vilivyopo:" na kuorodhesha majina, na ipo michezo iliyotafsiriwa hivyo, lakini Kiswahili cha namna hiyo kinamwambia mgeni tangu mwanzo kwamba ameingia katika nyumba isiyo yake.

Kila kitu katika dunia yetu sasa kinahifadhi mambo matatu: jina la umoja, jina la wingi na ngeli. Jedwali moja linatoa viambishi, na maelezo yote yanapita humo. Hesabu nazo zimezingatiwa, kwa kuwa moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na jina, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Ndiyo maana mchezo unasema visu vitano, kisha mtu akiongeza kimoja unasema visu sita. Viumbe vyenye uhai vimewekewa alama ya pekee inayowapeleka katika upatanisho wa watu, vyovyote lilivyo jina.

Alama hiyo ya uhai ndiyo iliyotupatia fumbo bora la eneo la mwanzo. Mtoni pana daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu, wazo tulilolipata kutoka Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, lililotokana na lava ya volkano. Mgeni anapofika mara ya kwanza husoma: "Kinyago kimesimama kando ya daraja." Anaweza kukigusa, kukisukuma, kukiuliza jambo; ni mti mtupu. Akishawasha taa yake na kurudi pale, anasoma: "Kinyago amesimama kando ya daraja." Hakuna rangi iliyobadilika, hakuna tangazo wala mlio. Silabi moja imebadilika, na mtu aliyekulia ndani ya lugha hii anahisi nywele zikimsimama kabla hajajua kwa nini. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akisoma kwa sauti polepole alifika kwenye neno hilo, akanyamaza, akarudi nyuma kulisoma tena, kisha akaandika "shikamoo". Kinyago akamjibu. Sijaona picha yoyote ya mchezo ambayo ingefanya kazi hiyo kwa bei ya herufi chache namna ile.

Tangu siku hiyo kundi zima limekubaliana kwamba upatanisho wa sarufi ni sehemu ya uwanja wa mchezo. Kosa la kiambishi linaripotiwa na kurekebishwa kwa uzito ule ule wa mlango usiofunguka, maana mchezaji akishajifunza kwamba kiambishi kinabeba habari, kila kiambishi kibovu kinamdanganya.

Juni: watu walioketi mbele ya mchezo

Majaribio yamefanyika jioni, wakati wa baridi kali ya msimu huu, pamoja na watu wasio wa fani: fundi simu, wanafunzi wa sekondari, muuza vitenge wa Mwanjelwa, mwalimu niliyemtaja, na kijana asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Utaratibu ni kwamba msimamizi haongei. Anaangalia tu kinachoandikwa na mahali mkono unaposita.

Kilichojitokeza kwa nguvu ni salamu. Kitabu cha kawaida cha michezo hii kinamtegemea mgeni aanze kwa kuangalia au kuchukua. Watu wetu walimwona bibi kwenye gogo na wakamsalimia. Wengi waliandika "shikamoo", wengine "habari yako bibi", aliyetoka Iringa akaandika "kamwene", na mmoja wa Rungwe akaandika "ugonile". Ni adabu ya kawaida, na ni aibu kwa mchezo wa Kiswahili kumjibu mtu huyo kwamba amri haitambuliki. Salamu zote hizo sasa ni amri kamili. Bibi anaitikia "marahaba, mjukuu wangu" kwa shikamoo na kurudisha nyingine kwa namna yake, kisha anampa mgeni kiberiti cha kuwashia taa huku akimwuliza anakwenda wapi. Mtu asiyesalimia hapewi adhabu. Akiomba kiberiti anapewa, ila bibi hasemi neno la zaidi. Hivyo salamu imekuwa somo la kwanza la mchezo bila yeyote kufundishwa: uliandika neno la kawaida, na dunia ikajibu.

Kijana asiyeona alicheza kwa kasi kuliko wengine wote. Michezo ya maandishi imependwa kwa muda mrefu na wasioona kwa sababu kila kilichomo kinaweza kusomwa kwa sauti, na eSpeak NG, kisemeshi huria kinachotumika ndani ya NVDA, programu ya kusoma skrini, kina sauti ya Kiswahili. Aliomba mambo mawili. Kwanza, mistari ya mapambo iliyotengenezwa kwa alama iondolewe, kwa sababu inamsomea alama moja moja. Pili, hatari isioneshwe kwa rangi nyekundu peke yake, bali itajwe kwa maneno. Yote mawili yametekelezwa kwa wachezaji wote, na ukurasa umekuwa safi zaidi hata kwa wanaoona.

Muuza vitenge aliuliza swali ambalo limebadilisha mpangilio wetu: "Sasa hapa nikitoka, vitu vyangu vitabaki?" Jibu ni ndiyo, vinahifadhiwa katika hifadhidata, lakini hakuna mahali mchezo ulipokuwa ukisema hivyo. Amri ya "kwaheri" sasa inataja ulichonacho na mahali utakapoamka ukirudi.

Julai: kukwama, kupigana na kuuliza

Amri zisizotambulika zinaandikwa katika faili moja, bila majina ya walioziandika, na mazungumzo ya wachezaji hayaingizwi humo kamwe. Faili hiyo ndiyo mwongozo wangu wa kazi. Ikiwa watu wawili wameandika "panda mgomba", basi mgomba utapandika, hata kama juu yake hakuna kitu zaidi ya umande na mwonekano wa bonde. Jibu la kutoelewa nalo limeandikwa upya. Linarudia neno lililokwama na kutaja mambo mawili yanayowezekana pale pale mchezaji alipo: "Sijaelewa 'zungusha'. Hapa unaweza kuzungumza na bibi au kuangalia taa." Kwa kuwa limefungamanishwa na mahali, haliwi wimbo ule ule kila mara.

Mapigano yamewekwa kileleni, na katika eneo la mwanzo hayaui. Chatu akimshinda mgeni, mgeni huteleza hadi chini ya mteremko, akaamka kwa bibi akiwa na vitu vyake vyote. Baadhi ya wenzangu walitaka kifo kiwe na uzito tangu mwanzo. Naamini uzito huo unamfaa mtu aliyekwisha kuwa na kitu cha kupoteza, na eneo la pili litaupata.

Msaada nao umepata mwili. Badala ya ukurasa mrefu wa maelezo, kileleni pana mwamba unaojibu maswali, kwa heshima ya Gangilonga, lile jiwe la Iringa ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe lisemalo. Mgeni anaandika "uliza jiwe kuhusu njaa" au "uliza jiwe kuhusu mapigano", na jibu halizidi sentensi tatu. Amri ya "msaada" inafanya kazi popote, ikitoa majibu yale yale bila masimulizi, kwa mtu mwenye haraka.

Yaliyobaki kwa Agosti ni haya. Jiwe bado halijui kujibu kuhusu biashara kati ya wachezaji. Njia ya kutoka eneo la mwanzo kwenda sokoni inahitaji mchezaji mkongwe wa kuwapokea wageni, na watatu wamejitolea kwa zamu za jioni. Majaribio yajayo yatafanyika Iringa mjini, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu anayewafahamu, na faili ya amri zisizotambulika itaanza upya siku hiyo ikiwa tupu.